Nafsi ya Pili



Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kusema maneno machache juu ya vitabu vidogo vya tafakari za kila siku, ambavyo siku hizi vimeenea katika mitaa yetu ya Kinondoni na Temeke. Tangu mwaka uanze sikuingia nyumba ya Mkristo nisikione kimoja, ama juu ya meza chini ya kitambaa cha kufuma, ama katika mkoba wa mama aendaye sokoni Tandika, ama katika simu ya kijana aliyesimama ndani ya daladala ya Mbagala, akisoma kwa jicho moja na kwa jicho la pili akilinda mfuko wake. Vyote vyaahidi jambo moja, yaani kumkuza msomaji katika uhusiano wake na Mungu. Wenzangu katika jumuiya yetu ya usomaji, tukutanao Kinondoni mara moja kwa mwezi, walinitaka nivipime vitabu hivi kama nipimavyo insha za wanafunzi wangu. Nimevipima. Sitakitaja hata kimoja kwa jina, maana kosa nitakalolisema si la mwandishi mmoja, tena mimi mwenyewe ni miongoni mwa waliokosa. Kwa muda wa miaka mitatu nimeandika tafakari moja kila mwezi kwa karatasi ya usharika wetu, na watu wengine wameniambia kwamba ni nzuri.

Sikulitambua kosa hili kwa kusoma, bali kwa kunyamazishwa. Baba yangu mdogo, aliyenilea tangu nilipokuwa mtoto wa miaka 9, alikuwa kuli wa bandarini hata alipostaafu. Mwaka jana, kabla ya masika, aliugua tumbo, na waganga wa hospitali wakatuambia kwamba lililobaki ni kumtunza nyumbani. Nikawa nakwenda kwake Temeke kila jioni baada ya kazi ya shule, na kabla ya kuaga nikimsomea tafakari ya siku ile, kwa kuwa macho yake hayakuweza tena maandishi. Jioni moja tafakari ilikuwa ya Yoshua na kuta za Yeriko. Mwandishi alimwambia msomaji asimame, avuke, adai kilicho chake, auamuru ukuta uanguke, kwa maana siku ile ndiyo ilikuwa siku yake ya kuvuka. Na msikilizaji wangu alikuwa mtu asiyeweza kugeuka kitandani bila kushikwa na watu wawili! Mimi sikuona neno, nikaendelea kusoma kwa sauti ile ile ya darasani. Nilipofika katikati ya ukurasa aliinua mkono kidogo, akasema, "Mwanangu, hebu nyamaza. Umeniambia mengi juu yake, na mengi juu yangu. Sasa nataka kusema naye."

Mama mdogo alinitazama, nami nikakifunga kitabu. Basi akasema naye. Yote niliyoyasikia sitayaandika, maana sikuambiwa mimi. Lakini alimweleza habari ya mabati ambayo jirani alimkopesha na hajayalipa. Akamtajia jina la ndugu yake waliyekosana naye zamani. Akamwuliza mbona imekuwa hivi. Kisha alinyamaza muda mrefu, kama anyamazavyo mtu barazani baada ya kusema lake, akimwachia mwenziwe nafasi.

Usiku ule nilizitoa tafakari zangu zote 36, nikaketi nazo na kalamu nyekundu. Katika kila ukurasa Mungu nimemwita "yeye". Msomaji nimemwita "wewe" mara nyingi hata nikachoka kuhesabu. Mungu nimemwita "wewe" katika tafakari 4 tu, tena katika mistari ya mwisho, pale nilipoandika kwamba tuombe.

Mimi ni mwalimu wa sarufi, na kila mtu huona kwa macho ya kazi yake. Twawafundisha watoto kwamba nafsi ni tatu: ya kwanza ni msemaji, ya pili ni yule anayesemeshwa, ya tatu ni yule anayesemwa, naye aghalabu hayupo. Neno lenyewe, nafsi, lilitujia kutoka Kiarabu, nalo kwetu lina kazi mbili, maana kwa neno hilo hilo twaita kiini cha mtu, kile kinachotamani na kuona kiu na kujuta. Sijui kama watu wa lugha nyingine wana bahati hii, kwamba fundisho la vitenzi na fundisho la roho hukutana katika neno moja. Basi shauri langu juu ya vitabu hivi laweza kusemwa kwa sarufi: vimemweka Mungu katika nafsi ya tatu, vikampa msomaji nafsi ya pili, na nafsi ya kwanza amejitwalia mwandishi. Na mtu hawezi kukua katika kujuana na yule ambaye kila siku asemwa mbele yake na hasemeshwi kamwe. Mtoto anayesimuliwa habari za baba yake aliye safarini atajua mengi, pengine atajua hata kiatu chake ni kipimo gani, lakini hatasema kwamba amezoeana naye.

Tuutazame ukurasa wenyewe jinsi ulivyojengwa. Juu yake pana mstari wa Maandiko, kwa herufi nene. Chini yake pana maelezo, nayo hujaza ukurasa: kisa kifupi, mara nyingi cha mfanyabiashara wa nchi ya mbali, kisha mashauri, kisha amri nyingi fupi fupi. Mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, pana sala ya mistari miwili. Nimeona hata vitabu ambavyo sala hiyo imeondolewa, na mahali pake pakawekwa maneno ya msomaji kujiambia mwenyewe kwamba yeye ni mshindi.

Haikuwa hivi tangu awali. Desturi ya kuwapa watu neno la kila siku ina asili yake katika kijiji cha Herrnhut, Ujerumani, kwa Wamoraviani, wale wale ambao mwaka 1891 walifika Rungwe wakaanza kazi kwa Wanyakyusa. Mwaka 1728 walianza kupeleka neno moja nyumba kwa nyumba kila siku, na kwa mwaka 1731 wakapiga chapa kitabu cha kwanza cha maneno ya mwaka mzima, nacho kimetoka kila mwaka hata leo. Katika kitabu hicho kama kijulikanavyo leo, siku hupewa mstari wa Agano la Kale, na mstari wa Agano Jipya unaoujibu, na baada yake sala au ubeti wa wimbo. Maelezo hayamo. Maelezo yameachiwa nyumba, mume na mke na watoto na mgeni wakiwapo, wayatafute wenyewe. Sisi tumefanya kinyume: maelezo yameongezwa hata yakaila sala. Wala siwalaumu wapiga chapa peke yao, maana maelezo ndiyo yanayosifiwa. Sijapata kusikia mtu akisema, "Mwalimu, sala yako ya mwezi huu ilikuwa fupi na ya kweli."

Sasa mtu aweza kuuliza, je, Maandiko yenyewe hayamtaji Mungu kwa nafsi ya tatu? Yamtaja, tena mara nyingi, nami nakubali. Lakini twaa Zaburi ya 23, ambayo hapana Mkristo asiyeijua, uisome kwa jicho la sarufi katika Biblia yetu ya mwaka 1952. Inapoanza, mwimbaji asimulia habari za mchungaji wake: yeye humlaza, yeye humwongoza, yeye humhuisha. Ni maneno ya mtu aliyeshiba, mchana, penye majani na maji, akiwaeleza watu sifa za bwana wake. Halafu, katika mstari wa nne, njia yaingia bondeni, na giza la mauti laingia katika wimbo. Hapo hapo, bila kutangaza, mwimbaji aacha kusema "yeye", ageuka na kusema "wewe". Hawaambii tena wasikilizaji kwamba mchungaji yupo. Amwambia mchungaji mwenyewe kwamba yupo. Ile fimbo na lile gongo si vya "yeye" tena, ni vya "wewe". Nimeifundisha zaburi hii kwa miaka mingi, nikawaeleza watoto mifugo na malisho na jinsi mafuta yanavyopakwa kichwani, na zamu hii ya nafsi sikuiona, hata nilipoiona katika chumba cha mgonjwa Temeke. Baba mdogo hakujua sarufi. Alikuwa amefika mstari wa nne, nami nilikuwa bado namsomea wa pili.

Angalia pia neno ambalo zaburi hiyo humalizikia, nalo ni kukaa. Wafasiri wa Kiswahili wamelitumia neno hili hili katika Injili ya Yohana, sura ya 15, pale Bwana anaposema habari za mzabibu na matawi yake, na katika sura ile larudiwa mara nyingi. Wageni huona taabu kwa neno "kaa", kwa kuwa lina maana ya kuketi kitini, na ya kungoja, na ya kuwa na makao. Kwetu sisi hapana taabu. Mtu wa Dar es Salaam akiulizwa anakaa wapi, hujibu kwamba anakaa Keko, au Mwananyamala, au Yombo, na kwa neno hilo husema mambo mengi kwa mara moja: ndiko alikopanga, ndiko anakodaiwa, ndiko anakojulikana kwa jina la mtoto wake, ndiko watakakomwulizia asipoonekana siku mbili. Hakupanda ngazi kufika hapo. Alihamia na godoro lake, siku zikapita, akawa mtu wa pale.

Vitabu vyetu havilipendi neno hili. Vyapenda neno "uhusiano", nalo si baya, lakini harufu yake ni ya ofisi: kampuni zina maofisa wake, nchi zina balozi wa kuutunza, na ukivunjika hutolewa taarifa. Tena vyapenda hatua. Nimesoma kimoja chenye hatua 7 za kumkaribia Mungu na kingine chenye 12, na mwanamke mmoja mjane wa jumuiya yetu, mwuza chapati, aliniuliza bila mzaha, "Mwalimu, nimekisoma mpaka hatua ya nne, kisha mtoto akaugua nikakiacha. Nikirudi nianze ya kwanza au niendelee ya tano?" Nilicheka, kisha nikaona aibu kwa kicheko changu, kwa kuwa swali lake lilikuwa la haki, ila kitabu ndicho kilichomdanganya. Sisi walimu tunaishi kwa madarasa na mitihani, na twadhani kila kitu kinachokua hupanda darasa.

Nikitafuta kitabu kilichofanya kazi hii kama ipasavyo, narudi kwa mwalimu mwenzetu, tena Mwafrika. Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras katika Algeria, akafundisha ufasaha wa kusema huko kwao, kisha Carthage, kisha Rumi, kisha Milano, akilalamikia wanafunzi wake kama tulalamikavyo sisi: wa Carthage walikuwa wakorofi, na wa Rumi walikimbia wasilipe ada. Aligeuka mwaka 386, akabatizwa mwaka 387, akawa askofu wa Hippo, akafa mwaka 430. Kitabu chake cha Maungamo, alichokianza karibu na mwaka 397, kina sehemu 13, na tokea mwanzo hata mwisho msemeshwaji ni Mungu. Ni jambo la ajabu ukilifikiri. Mtu aandika maisha yake, ujana wake, wizi wa mapeari alioufanya na wenziwe kwa sababu ya kupenda kuiba tu, mwanamke aliyeishi naye miaka mingi, machozi ya mama yake Monika. Na haya yote asimulia, si kwetu, bali kwa Yeye aliyekuwapo yalipotendeka. Sisi wasomaji tumesimama mlangoni tukisikiliza.

Augustino mwenyewe aliona ugumu wa jambo hili, akajiuliza kwa nini amweleze Mungu habari ambazo Mungu azijua tayari. Jibu lake, kwa maneno yangu, ni kwamba hasimulii ili Mungu ajue, bali ili upendo uamke ndani yake yeye anayesimulia, na ndani ya wale watakaosikia. Hapa ndipo naona tofauti kati ya kitabu chake na ushuhuda tunaousikia makanisani mwetu. Ushuhuda wetu una umbo lake maalum: nilikuwa hivi, akanitendea hivi, na sasa ni hivi, na watu hupiga makofi. Siudharau, maana nimeona wengi waliosaidiwa. Lakini shahidi husimama kumtazama hakimu na wazee wa baraza, na mtu anayeshuhudiwa yuko pembeni. Augustino amegeuza kiti. Kwa hiyo hawezi kujipamba, kwa kuwa anayesemeshwa alikuwapo, wala hawezi kumaliza kwa kusema kwamba sasa yote ni sawa. Katika sehemu ya 10 aandika akiwa askofu, na bado akiri majaribu ya chakula na ya sifa, moja moja, kama mtu anayefungua mfuko wake juu ya meza.

Kisa kimoja cha kitabu kile, katika sehemu ya 4, sikupata kukisoma tena bila kuona uso wangu mwenyewe. Augustino alikuwa na rafiki wa utotoni, ambaye jina lake hakulitaja. Rafiki akashikwa na homa, akazimia, na watu wake wakambatiza hali hana fahamu. Alipopata nafuu, Augustino, ambaye siku zile aliyadharau mambo hayo, akaufanyia mzaha ubatizo ule, akidhani mwenziwe atacheka pamoja naye. Rafiki akamtazama kama adui, akamwambia kwamba akitaka waendelee kuwa marafiki aache maneno ya namna hiyo. Baada ya siku chache homa ikarudi, akafa, na Augustino hayupo. Yeye alinyamazishwa kwa sababu ya mzaha, mimi kwa sababu ya bidii, lakini sote wawili tulikuwa waalimu wa maneno, tukaambiwa na mgonjwa kwamba maneno yetu hayapiti pale.

Hata pwani yetu ina elimu yake juu ya jambo hili, wala si vema tujifanye tulianza na vitabu vya misheni. Al-Inkishafi, utenzi ulioandikwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate mwanzoni mwa karne ya 19, ni kazi ya Mwislamu, na nia yake ni kuionya roho isidanganywe na dunia. Mshairi ana mji mzima wa kuusimulia, majumba ya matajiri wa Pate yaliyobaki magofu, popo na bundi wakikaa palipokuwa na vyombo vya Kichina. Wasikilizaji anao pia. Lakini anayesemeshwa naye, anayekemewa na kubembelezwa, ni moyo wake mwenyewe. Waandishi wa Zaburi nao hufanya hivi, kama katika Zaburi ya 42, ambapo mtu auliza nafsi yake kwa nini imeinama. Angalia adabu iliyomo: mshairi asiyethubutu bado kusema na Mungu aanza kwa kujikemea yeye, hamkemei msomaji. Katika vitabu nilivyovipima sikumkuta mwandishi hata mmoja aliyejikemea.

Nilipoyasoma haya mbele ya wenzangu Kinondoni, mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa mwinjilisti zamani, alinipinga, na pingamizi lake lina uzito. "Mwalimu," akasema, "hukuenda Biafra? Hukuenda Mwembe Yanga? Kule nafsi ya pili iko tele." Kweli iko tele. Katika viwanja hivyo viwili, kimoja Kinondoni na kimoja Temeke, hufanywa mikutano ya hadhara ya Injili, na usiku vipaza sauti husikika mbali, na Mungu asemeshwa kwa "wewe" mara nyingi katika dakika moja. Shusha! Vunja! Ponya! Fungua! Je, hiyo ndiyo nafsi ya pili niitakayo?

Nilikaa na swali hilo wiki nzima, na hapa pia ni sarufi iliyonisaidia. Kitenzi cha Kiswahili kina njia mbili za kutaka jambo kwa mtu. Iko amri kavu, kama vile "leta", "toa", "nipe". Iko njia nyingine, ambayo mtoto aliyelelewa vizuri huitumia kwa mkubwa, "ulete", "utoe", "unipe". Humwachia mkubwa nafasi ya kutenda kwa hiari yake. Sasa sali Baba Yetu polepole. Hapana amri kavu hata moja. Wafasiri wetu wa zamani, katika kila ombi, waliandika "utupe", "utusamehe", "utuokoe". Na pale ambapo maombi yahusu jina lake na ufalme wake, waliandika "litukuzwe" na "uje". Katika Kiyunani vitenzi hivyo huonekana kama amri, wasema wenye elimu, lakini aliyetia sala hiyo katika Kiswahili aliijua adabu ya nyumba zetu. Tena hana "mimi" ndani yake. Yote ni "sisi", hata deni. Naona pia kwamba hatuna taabu waliyokuwa nayo Wafaransa Wakatoliki, ambao lugha yao ina "wewe" ya heshima na "wewe" ya nyumbani, na ambao mwaka 1966 tu ndipo walipoanza kusali Baba Yetu pamoja kwa ile ya nyumbani. Kiswahili kina "wewe" moja kwa mfalme na kwa mtoto, na heshima yetu huikalia katika kitenzi na katika salamu. (Nimewahi kuulizwa na mwanafunzi wa darasa la tano kwa nini hatumwambii Mungu "shikamoo". Nilimwambia aketi. Ningekuwa mwalimu bora ningemwambia kwamba neno lile lina maana ya kushika miguu, na kwamba wako watu katika Injili waliomsalimu Bwana kwa kuishika miguu yake hasa.)

Hata hivyo mzee hakuridhika, akanikumbusha kwamba Zaburi nazo humwamuru Mungu aamke, kama ile ya 44, tena humwuliza mpaka lini, kama ile ya 13. Ni kweli, wala sina jibu lililokamilika. Nionavyo, aliaye "amka" katika zaburi ile ni mtu aliyepigwa, asiye na jukwaa, naye hana hakika kama atajibiwa. Na anayeamuru katika kipaza sauti amekwisha kuwaambia watu jibu kabla hajauliza. Kimoja ni kilio na kingine ni tangazo. Lakini kutoka nje mtu hawezi sikuzote kuvipambanua, nami sitaki kuwa hakimu wa maskini aliyesimama Mwembe Yanga usiku na mtoto mgonjwa mgongoni. Mzee aliongeza neno jingine nalo nalishika: kwamba kusema "wewe" bila kunyamaza ni kelele pia. Thomas wa Kempen, katika sehemu ya tatu ya kitabu chake cha kumfuasa Kristo, alichokiandika mwanzoni mwa karne ya 15, aliligawa neno kwa zamu, Bwana akisema na mwanafunzi akisema. Kwa mwandishi ni hatari kumtilia Bwana maneno kinywani, wala nisingethubutu. Lakini amekubali angalau kwamba zamu zipo mbili.

Kwa hiyo nikiulizwa vitabu hivi vitupwe, nasema sivyo. Mstari wa Maandiko ulio juu ya ukurasa ni chakula, na kwa mtu atokaye Mbagala kabla ya mapambazuko, pengine ndicho atakachopata kwa siku nzima. Ninachowashauri wenzangu waandikao ni kwamba wachukue kalamu nyekundu, wahesabu. Na wanunuzi, kabla ya kutoa fedha zao, wasianze na jalada. Wafungue chini kabisa ya ukurasa, penye herufi ndogo, wasome sala. Kama mwandishi hajui kusema na Mungu kwa mistari miwili, kurasa zake nyingine zisikusumbue.

Baba mdogo alifariki mwezi wa tano. Kitabu kile mama mdogo alinirudishia, nacho kina alama ya ukucha pale tulipoachia, kwenye kuta za Yeriko.

Mimi nami nimejaribu kutii shauri langu. Tafakari yangu ya mwezi uliopita niliiandika yote katika nafsi ya pili, kwa Mungu, bila kumshauri mtu. Nilidhani itakuwa rahisi. Baada ya usiku tatu nilikuwa na mistari 6, na katika hiyo nikafuta 2, kwa sababu nilitambua kwamba niliiandika ili wasomaji waone jinsi nisalivyo. Nikaipeleka ile 4 iliyobaki. Katibu wa usharika, mtu mwema na mwenye haraka, aliirudisha kesho yake, akaniandikia kwamba nafasi yangu ni nusu ya ukurasa na kwamba mistari 4 haitoshi, basi niongeze maelezo, ama sivyo atatia tangazo la semina. Karatasi yake iko mbele yangu hapa mezani ninapoandika. Sijamjibu.